Kazi Ipande, Mgongo Usishuke

Maneno niliyowaambia wanavikundi wa kazi za mikono, Arusha

Ndugu Mwenyekiti, Mheshimiwa Diwani, viongozi wa vikundi, mama zangu, baba zangu, kaka na dada mlioacha kazi asubuhi hii mkaja kunisikiliza: wakubwa zangu shikamooni, wenzangu na wadogo zangu hamjambo. Akina yeyo, mama zangu wa Kimasai mliotoka Monduli na Longido kabla jua halijachomoza, nawasalimu kwa lugha yenu: takwenya. Najua kwamba saa moja ya kukaa hapa ni mkufu ambao haukutungwa na gauni ambalo halikukatwa. Nimelelewa kwa fedha ya namna hiyo, kwa hiyo nitaiheshimu saa yenu.

Kabla ya maneno mengi tufanye jambo moja. Kila mmoja alipewa mlangoni chupa ya maji ya nusu lita. Ishike kwa mkono mmoja, nyoosha mkono mbele, chupa iwe sawa na bega. Usiushushe. Mimi nitaendelea kuzungumza, wewe endelea kushika.

Mama yangu alikuwa fundi cherehani hapa hapa Arusha, kwenye baraza la duka la vitambaa, mwendo mfupi kutoka Soko Kuu. Cherehani yake ilikuwa ya miguu, na kiti chake kilikuwa kigoda kifupi alichokikuta pale barazani. Meza ya cherehani ilimfika karibu na kifua, hivyo kutwa nzima alishona mabega yamepanda, kama mtu aliyeshtuliwa. Cherehani ile ilitusomesha watoto wanne. Alipotimiza miaka 50 hakuweza tena kuinua mkono wa kulia hadi kichwani. Mimi ndiye niliyemchana na kumsuka nywele. Jirani mmoja alisema ni umri. Mwingine alisema kuna mtu hakupendezwa na maendeleo yake. Mama mwenyewe alisema, "Kazi ndivyo ilivyo, mwanangu." Hakuna aliyekitazama kigoda. Hata mimi sikukitazama, mpaka nilipokwenda Moshi kusomea fiziotherapia, tiba ya viungo na misuli, pale hospitali ya KCMC, na asubuhi moja mwalimu akachora ubaoni bega la mtu anayefanya kazi kwenye meza iliyomzidi kimo. Nilimwona mama yangu ubaoni. Nilitoka darasani nikaenda kulia chooni, kwa sababu dawa ya bega lile ilikuwa kipande cha mbao cha kuongezea urefu wa kigoda, na mbao zilikuwa zimejaa uani kwetu.

Haya, shusheni chupa. Wengi mlishashusha, na baba pale nyuma alihamishia mkono wa kushoto. Mmesikia nini? Moto, eeh. Moto begani.

Chupa ile ni nusu kilo. Hakuna hata mmoja humu anayeshindwa nusu kilo. Akina mama mnabeba ndoo ya lita 20 kichwani, na hiyo ni kilo 20. Kilichowachoma ni kule kutulia. Msuli unaojikaza na kulegea, kujikaza na kulegea, unajipigia damu wenyewe kama pampu ya baiskeli. Msuli uliojikaza ukabaki hapo hapo unaibana mishipa inayoulisha. Damu safi inaingia kwa shida na takataka za kazi hazitoki. Ndiyo maana mtu anatembea kwa mguu kutoka Sakina hadi soko la Kilombero hapa mjini akafika mchangamfu, na mwenzake aliyekaa muda ule ule akitunga shanga anainuka ameshika kiuno, halafu watu wanamwambia, wewe si ulikuwa umekaa tu?

Sasa fikiria kichwa. Kichwa cha mtu mzima kina kilo 4 hadi 5, karibu sawa na mfuko wa unga wa kilo 5 unaonunua dukani. Kikikaa sawasawa juu ya shingo, mifupa inakibeba. Kikitangulia mbele kuifuata kazi iliyo mapajani, mzigo unahamia kwenye misuli ya nyuma ya shingo na ya mabega, nayo inakining'iniza kama ulivyoining'iniza chupa. Chupa ilikuchosha kwa dakika chache. Kichwa unakining'iniza tangu chai ya asubuhi hadi jua linapozama nyuma ya Monduli.

Maumivu haya hayakuanzia kwetu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya mgongo wa chini, na linayahesabu kuwa ndiyo yanayoongoza kwa kuwatia watu ulemavu. Na mwaka 1700, daktari wa Italia aliyeitwa Bernardino Ramazzini alitoa kitabu kuhusu magonjwa ya watu wa kazi. Aliandika juu ya mafundi nguo waliokaa wamekunja mguu juu ya paja wakishona, mpaka miguu ikafa ganzi na wengine wakatembea wakichechemea, migongo imepinda. Aliwataka madaktari wenzake waongeze swali moja wanapomhoji mgonjwa: unafanya kazi gani? Miaka zaidi ya 300 imepita. Natamani kila chumba cha daktari katika mkoa huu kiulize swali hilo, kisha kiongeze la pili: unaifanya ukiwa umekaaje?

Na hapa niungame kosa langu. Miaka yangu ya mwanzo kazini, kila fundi aliyekuja analalamika shingo nilimpa dawa moja: "Mama, kaa wima." Nilikuwa na picha ukutani, mtu amekaa kama askari wa gwaride. Akaja mama mmoja wa shanga, wa rika la mama yangu. Nikamwambia akae wima. Baada ya wiki tatu akarudi na shingo ile ile. Nikamuuliza kwa ukali kidogo, mama, hukufuata nilichokwambia? Hakujibu. Akatoa mfukoni mkufu uliofika nusu, akaketi pale pale sakafuni, akanyoosha miguu, akakaa wima kabisa, kama ile picha. Akasema, "Haya, nimekaa wima. Sasa nionyeshe tundu la ushanga liko wapi."

Alikuwa haoni. Alikuwa anainama ili aone. Mgongo wake ulikuwa unayafanyia macho kazi yao, na mimi nilikuwa nimeugombeza mgongo kwa wiki tatu.

Mama zangu, mtu akivuka miaka 40 hivi, lenzi ya jicho inaanza kuwa ngumu na vitu vya karibu vinapotea. Hilo linampata kila binadamu, msomi na asiyesoma, wala haliumi, ndiyo maana mtu halitilii maanani. Anasema tu, siku hizi sindano zao zina matundu madogo. Jipime hivi: shika sindano na uzi, kiwiko kigusane na ubavu, sindano iwe mbele yako kama sentimita 40. Ukishindwa kuupitisha uzi bila kuinamisha uso, tatizo la shingo yako huenda limeanzia machoni. Miwani ya kusomea, ile ya kawaida ya namba moja hadi tatu, inamaliza kazi kwa wengi. Kama jicho lina tatizo jingine, mpimaji ataliona. Bangladesh walifanya utafiti ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2024: watu wa miaka 35 hadi 65 wanaofanya kazi za kuona karibu, wakiwemo wafumaji na washonaji, nusu walipewa miwani ya bure na nusu wakasubiri. Baada ya miezi 8, kipato cha waliopewa miwani kilikuwa kimezidi kile cha wenzao kwa asilimia 33. Nawaambia akina baba wanaoshikilia mfuko wa nyumba: miwani ya mama ni mtaji.

Macho yakishapata miwani, yanataka mwanga. Nyumba zetu za bomani zina madirisha madogo, na mjini wengi tunafanyia kazi kwenye vyumba ambavyo taa ni moja katikati ya dari, kichwa kinatupa kivuli juu ya kazi. Kaa mwanga ukitokea nyuma ya bega, upande usioshika sindano. Shanga nyeusi na za bluu iliyoiva zitunge mchana. Nyeupe, nyekundu na za machungwa ziachie jioni. Tandika kitambaa cheupe chini ya shanga nyeusi uone zinavyojitokeza zenyewe. Haya sikuyasoma chuoni, nimefundishwa na kikundi kimoja cha akina yeyo, nami nimewafundisha wengine zaidi ya kumi.

Halafu kuna ule mkao wetu wa kukaa chini na kunyoosha miguu. Ni mkao wa heshima, mama zetu wamekaa hivyo na bibi zetu. Sitawaambia muuache. Lakini oneni unavyofanya kazi: nyuma ya paja kuna misuli mirefu inayoshika chini ya goti na kupanda hadi kwenye mfupa wa kukalia. Ukinyoosha miguu ukiwa umekaa, misuli ile inavutika, nayo inaivuta nyonga irudi nyuma. Nyonga ikirudi nyuma, kiuno kinapinda nje kama upinde, utake usitake. Huwezi kushindana nayo kutwa nzima. Sasa kunja blanketi mara nne au tano, ukalie, lifike kimo cha sentimita 10 au 15. Nyonga inainuka, misuli inalegea, kiuno kinarudi chenyewe. Egemea mti au ukuta. Weka mto mapajani, au kasha la mbao juu ya miguu, kazi iwe juu yake. Hapo ndipo neno langu la leo lilipo, na kama mtasahau mengine yote basi mkumbuke hili: kazi ipande ikufuate. Ukiifuata wewe huko chini iliko, itakushusha kila mwaka kidogo.

Baba zangu wachongaji, nimewaona. Wengi wenu mna asili ya Kimakonde, mna ndugu Mto wa Mbu na wengine Mwenge kule Dar es Salaam, na mpingo mnaujua kuliko yeyote. Ule ni mti ambao ukiutupa majini unazama. Mita moja ya ujazo ina zaidi ya kilo 1,000. Mnakaa chini, gogo mmelibana kwa nyayo, tezo inapanda na kushuka. Kila pigo linagonga mti na linagonga kiwiko pia, kwa sababu mti ule mgumu haulimezi pigo, unalirudisha. Ndiyo maana mnashika nje ya kiwiko mkinyanyua kikombe cha chai. Kwanza, noeni. Najua hakuna fundi anayependa kufundishwa kunoa, lakini nimeshika tezo kwenye karakana ambazo makali yake hayakati hata kucha. Kifaa butu kinakula mkono wa mwenye nacho. Pili, mpini. Mpini mwembamba unalazimisha vidole kukaza mno. Kata tyubu ya baiskeli iwe utepe, uzungushe kwenye mpini hadi unene ufike sentimita 3 au 4. Mpira utashika kiganja na utapunguza mtikisiko. Tatu, hatua za kumalizia, za patasi, tupa na msasa, zitoke chini kabisa. Tengenezeni kisiki cha kufika kwenye kiwiko mkiwa mmesimama au mmekaa juu ya stuli, mtie jiliwa, au vaisi kama mnavyoiita, lishike kinyago badala ya nyayo zenu. Vumbi la mpingo nalo lina habari yake kifuani na kwenye ngozi. Hilo linastahili siku yake.

Kuna kitu kinachoniuma kila nipitapo kwenye karakana zenu. Mnachonga vigoda vya miguu mitatu, vizuri, vyenye kimo sawasawa, mgeni ananunua anakwenda kuviweka sebuleni kwake Ulaya wala havikalii. Mchongaji mwenyewe amekalia jiwe au kopo la rangi. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Naomba kila karakana, mwezi huu, kigoda cha kwanza kisiuzwe. Kibaki kwa fundi.

Mafundi cherehani, habari yenu nimeisema kwa mdomo wa mama yangu, kwa hiyo nitakuwa mfupi. Ukikaa, kiwiko kiwe sawa na kitambaa au juu yake kidogo. Kama meza iko juu, ongeza kiti, na miguu ikishindwa kufika vizuri kwenye pedali, gongea kipande cha mbao juu ya pedali. Msikate nguo sakafuni. Meza ya kukatia iwe ya kimo cha nyonga au zaidi kidogo, hata kama ni mlango wa zamani juu ya madebe.

Ndugu zangu wa makatambuga, mnaokata matairi pale sokoni: paka kisu maji yenye sabuni, mpira utakatika kwa nguvu ndogo. Wengi mnajua, wengine mnaona ni uvivu. Na ninyi pamoja na wasukaji wa mikeka mnaochuchumaa kwa muda mrefu, kuna neva, yaani mshipa wa fahamu, inayopita nje ya goti, imekaribia ngozi kabisa. Ikibanwa kwa saa nyingi, mguu unaweza kufa ganzi juu ya wayo, na mtu akashindwa kuinua vidole, akawa anaburuza kiatu. Ukiona hivyo acha kuchuchumaa siku hiyo hiyo, uje tukuone.

Sasa mkono, maana hili wanaoniuliza ni wengi. Unaamka saa nane usiku, mkono umekufa ganzi, unaukung'uta kitandani mpaka urudi. Watu wanasema damu imeganda, au umeulalia. Pale kwenye kifundo cha mkono, upande wa kiganja, kuna njia nyembamba. Chini ni mifupa, juu ni utepe mgumu. Katika njia hiyo wanapita abiria kumi: kano tisa zinazokunja vidole, na neva moja. Ukishika sindano, koleo au kisu kifundo kikiwa kimekunjwa, siku baada ya siku, kano zinavimba kidogo. Njia haitanuki, na anayebanwa ni yule abiria wa kumi, ambaye ndiye laini. Neva hiyo inahudumia dole gumba, kidole cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete. Kidole cha mwisho hakimo. Kwa hiyo ukija kwangu ukasema ganzi iko vidole vyote isipokuwa cha mwisho, nimeshapata nusu ya jibu kabla sijakugusa. Wajawazito na wenye kisukari linawapata zaidi. Likiwahiwa, kifundo kinafungwa kibao laini usiku ili kisikunjwe, kazi inabadilishwa, na wengi wanapata nafuu. Likiachwa miaka, nyama ya chini ya dole gumba inasinyaa, mtu anadondosha vikombe, na hapo kinachobaki mara nyingi ni upasuaji. Msisubiri nyama isinyae.

Nije kwenye woga ambao nauona unawadhuru watu kama maumivu yenyewe. Mtu anapigwa picha ya eksirei au MRI, anaambiwa pingili za mgongo zimesagika. Anarudi nyumbani amejifunga mkanda, hainami, habebi mtoto, anasubiri kupooza. Sikilizeni. Kuchakaa kwa diski, zile gegedu laini zilizo kati ya pingili, ni kama mvi. Watafiti waliokusanya picha za watu wasio na maumivu yoyote walikuta kuchakaa huko kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20, na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Watu wazima, hawaumwi, wanacheza ngoma. Picha peke yake haisemi nini kinakuuma. Diski haina mishipa yake ya damu kama nyama. Inapata chakula kwa kubanwa na kuachiwa, kama sifongo, na kinachoibana na kuiachia ni mwendo wako. Ukijifunga ukalala wiki nzima, unainyima chakula.

Mwendo, basi. Hakuna mkao mmoja ambao ukiupata umeokoka. Hata ule mzuri ukikaa nao saa tatu utakuchoma kama chupa. Simama kila baada ya nusu saa hivi. Msiniambie hamna saa. Fundi wa shanga ana saa yake: ukimaliza mistari kadhaa, simama, weka mikono kiunoni, jipinde nyuma taratibu mara tano, tembea hadi mlangoni urudi. Fundi cherehani, kila nguo ikitoka kwenye sindano. Mchongaji, kila unapobadili kifaa. Asubuhi za baridi ya Juni na Julai, ukungu wa Meru umeshuka hadi barabarani, usianze na gogo gumu. Pasha mikono kwanza, anza na msasa.

Mahali pengine kwenye haya sina upole. Diklofenaki, zile dawa za maumivu mnazonunua duka la dawa, kidonge asubuhi, kidonge jioni, miezi na miezi, zinachimba tumbo na zinaumiza figo, hasa kwa mwenye presha. Nimewaona waliokuja na mgongo wakaondoka na vidonda vya tumbo vinavyotoka damu. Siku mbili tatu za maumivu makali, kwa ushauri wa mtaalamu, sawa. Msizifanye chakula. Kukanda kwa maji ya moto kunasaidia, kuchua kwa mkono wa upole kunasaidia, ila mtu asiupande mgongo wako kwa miguu.

Na kuna maumivu ya mgongo ambayo si ya kazi, msiyachanganye. Mgongo ukiuma pamoja na homa za jioni, jasho la usiku na kupungua uzito, nenda hospitali ukapimwe kifua kikuu. Kinaingia hata kwenye pingili, na kinatibika. Mgongo ukiuma na mara ukafa ganzi sehemu za siri na makalioni, au mkojo ukakataa kutoka, au ukatoka bila wewe kujua, au miguu yote ikalegea, hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo. Usingoje Jumatatu. Kodi gari, kama huna fedha piga kelele majirani wakusaidie, ufike hospitali ya Mount Meru au KCMC.

Ndugu Mwenyekiti, nimesema na migongo, sasa niseme na mifuko. Maumivu haya yana msimu, nami ninaujua kwa foleni ya mlangoni kwangu. Wageni wanajaa kuanzia Juni hadi Oktoba, na tena Desemba hadi Februari. Oda zinashuka zote kwa pamoja wiki chache kabla ya hapo, kila duka linataka vipande mia kwa siku kumi, malipo ni kwa kipande, na mama anatunga hadi saa sita usiku akishatoka kuchota maji na kupika. Kisha masika inaingia, Machi hadi Mei, mikono haina kazi. Mwenye duka, kama upo humu, nakuomba utoe nusu ya oda yako Aprili, na malipo ya awali pamoja nayo. Shanga haziozi.

Sheria tunazo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri amlinde mfanyakazi wake, na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, ndio wasimamizi. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unamfidia aliyeumia au kuugua kwa sababu ya kazi, kwa michango inayotolewa na mwajiri. Mliosikia vizuri mmeshaona pengo: kote humo anatafutwa mwajiri. Yeyo anayetunga kwake Longido kwa oda ya duka la mjini, mwajiri wake ni nani? Mheshimiwa Diwani, naliweka hili mezani kwako kwa heshima zote, na sitaacha kuliuliza.

Wakati tunasubiri jibu, yapo yaliyo mikononi mwetu. Kila VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, ina mfuko wa jamii, wa misiba na ugonjwa. Jozi ya miwani na taa ya sola si misiba, lakini zinazuia ugonjwa, ziingizeni humo. Na vikundi vinavyoomba mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri, ile nne ya wanawake, nne ya vijana na mbili ya watu wenye ulemavu: nimeombwa kupitia orodha za vifaa za vikundi kadhaa. Naona cherehani sita, naona magunia ya shanga, naona majora ya vitambaa. Sijaona kiti hata kimoja. Cherehani sita bila viti sita ni mabega kumi na mawili yanayoelekea alikoelekea mama yangu. Andikeni viti. Andikeni meza ya kukatia. Afisa akihoji, mwambieni ni kifaa cha kazi, kwa sababu ndicho.

Nimemaliza ya kusema, yamebaki ya kufanya. Chini ya ule mjakaranda kuna meza mbili. Kwenye ya kwanza yupo mpimaji wa macho, ana miwani ya namba mbalimbali. Njoo na sindano yako na uzi, ujaribu hadi uzi upite bila kuinama. Kwenye ya pili nipo mimi na futi, mbao, misumari na tyubu za baiskeli. Waliokuja na kigoda chao au tezo yao tutapima na kurekebisha hapa hapa, baba wawili wachongaji wamekubali kunisaidia kupigilia. Wasiokuja na chochote, nitawapima kimo cha kiwiko na kuwaandikia kwenye karatasi mkampe seremala. Naomba akina yeyo wa Longido watangulie, gari lao linaondoka saa nane.